Sauti Kizimbani

“Hayupo.”

Neno hilo moja ndilo tuliloachana nalo Jumapili iliyopita, msomaji wangu, na najua wapo waliobishana juu yake wiki nzima.

Restetuta Namyalo, mjane wa mnunuzi wa kahawa Gonzaga Kalibbala, alikuwa amesimama kizimbani mbele ya Jaji. Wakili wa Serikali, Bi Kyosiimire, alimwomba amwonyeshe mtu aliyempiga mumewe kwa nondo jioni ile, walipokuwa wamepanda pikipiki pamoja, kwenye barabara inayokatisha bwawa la mafunjo. Gonzaga alifia palepale barabarani. Pikipiki yake ikachukuliwa, na simu yake ikachukuliwa.

Kila mtu alisubiri kidole kimwelekee Desderio Mukiibi, mchoma matofali, aliyekaa ng’ambo ya pili kati ya askari wawili.

Kidole hakikunyanyuka.

Ukumbi ukalipuka. Wanawake wa ukoo wa marehemu walipiga mayowe. Mtu mmoja huko nyuma alitukana kwa sauti, akatolewa nje. Jaji aligonga meza mpaka kalamu ikadondoka.

Bi Kyosiimire alisogelea kizimba. Yeye ni mtu wa Ankole, na Kiganda chake huteleza akichanganyikiwa. “Mama, pengine hukunielewa. Mtazame tena huyo aliyekaa pale.”

“Nimemtazama vya kutosha, Wakili. Aliyempiga mume wangu siye.”

“Lakini kwenye gwaride la utambulisho, katikati ya wanaume wote wale, ulimgusa yeye begani.”

“Nilimgusa.”

“Sasa?”

“Sasa nimeshika Biblia. Siku ile hakuna aliyeniapisha.”

Mmoja wa wazee wa baraza wawili wanaomsaidia Jaji, fundi cherehani mwenye mvi, alishusha miwani puani na kumkodolea macho Restetuta kama mtu aliyeona kitambaa chake kimekatwa vibaya. Bi Kyosiimire aliomba mahakama ipumzike kidogo. Jaji akakubali, shingo upande.

*

Chumba cha mawakili wa Serikali kilikuwa nyuma ya ukumbi, kimejaa majalada na harufu ya vumbi. Restetuta alikuwa hajakaa hata sawasawa Vensio alipoingia. Huyu ni mdogo wake marehemu, na siku zote za kesi amekuwa akija na kanzu nyeupe na koti, kama anakwenda harusini.

“Shemeji, umelishwa nini?” alifoka. “Kaka yangu yuko chini ya udongo, wewe unamwachia muuaji aende zake kunywa pombe ya tonto?”

“Sijamwachia muuaji, Vensio. Nimesema siye.”

“Ulijuaje siye? Ulikuwa unalia!”

Nyuma yake aliingia Inspekta Bwogi, mpelelezi wa kesi. Mtu mnene, mpole wa sauti, anayenukia sabuni muda wote. Alifunga mlango taratibu.

“Dada yangu,” alisema Bwogi, “kusema uongo mahakamani kuna kifungo. Gwarideni ulisema ndiye. Leo unasema siye. Moja kati ya hayo ni uongo, na yote mawili tumeyaandika.”

“Basi nifungeni kwa lile la gwaride.”

Bi Kyosiimire alikuwa ameegemea dirisha. “Kwa nini ulimgusa?” aliuliza.

Restetuta alimtazama Inspekta, kisha akamtazama mwanamke mwenzake.

“Asubuhi ya gwaride, huyu Inspekta aliniketisha barazani pale kituoni, akaninunulia soda. Nikiwa nakunywa, akapitishwa mtu mwenye pingu mbele yangu. Inspekta akaniinamia sikioni, akasema, ‘Mama, umemwona huyo? Ndiye tuliyemkuta na simu ya mzee.’ Baadaye kidogo nikapelekwa kwenye mstari. Ungekuwa wewe, ungemgusa nani?”

Bwogi alicheka kidogo.

“Mfiwa huyu, madam. Kichwa kimechoka.”

“Toka nje, Inspekta.”

“Madam, kesi hii tumehangaika nayo...”

“Toka. Na wewe Vensio.”

Vensio alitoka akibamiza mlango. Bwogi hakubamiza chochote. Alimtazama Restetuta kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa, ndipo akatoka.

Walipobaki wawili, Bi Kyosiimire alivuta kiti, wakakaa magoti yakikaribia kugusana.

“Nikueleze nilipo,” alisema. “Ili mtu afungwe kwa mauaji, mimi lazima nithibitishe mambo manne, tena bila kuacha shaka. Kwamba mtu amekufa. Daktari ameshasema. Kwamba hakufa kihalali. Hilo halina ubishi. Kwamba aliyemuua alikusudia, na fuvu lililopasuka vile halikupasuka kwa bahati mbaya. La nne ni kwamba huyu aliyekaa pale ndiye aliyefanya, au alikuwa pamoja na aliyefanya. Hilo la nne lilikuwa wewe.”

“Na unyang’anyi?”

“Ni yaleyale. Vitu viliibwa, na nondo ni silaha ya kuua. Lakini nani? Nimebaki na simu peke yake.”

“Umenikasirikia.”

“Sana.” Alikuna paji la uso. “Lakini tukirudi mle ndani, haya ya barazani yaseme mbele ya Jaji. Yote. Yatanivunja mgongo, ila yaseme.”

“Kwa nini, mwanangu, kama yatakuvunja?”

“Kwa sababu sasa na mimi nayajua.”

*

Akayasema. Mkalimani aliyatafsiri polepole, na kila sentensi ilipotua, Jaji aliandika bila kuinua kichwa. Inspekta Bwogi alikaa kwenye kiti chake nyuma ya Wakili wa Serikali, amekunja mikono, anatazama dari.

Ikawa zamu ya Mzee Ssettimba. Huyu ni wakili wa utetezi aliyepewa kesi na Serikali kwa kuwa Mukiibi hana uwezo, na tangu kesi ianze alikuwa amesinzia zaidi ya kusema. Sasa aliamka kama aliyemwagiwa maji.

“Mama, huyo mwenye nondo ulimwona kwa taa gani?”

“Taa ya pikipiki. Tulipoanguka ilikuwa bado inawaka, ikammulika usoni. Mtu mrefu, mwembamba, meno ya mbele yameachana. Sitamsahau.”

“Desderio, fungua kinywa, Mheshimiwa Jaji aone.”

Mukiibi akafungua. Meno yalikuwa yamebanana, mengine yamepandana. Watu walicheka, mara ya kwanza tangu kesi ianze. Hata mzee wa baraza wa pili, mkunga mstaafu, aliziba mdomo kwa kitambaa.

“Walikuwa wangapi, mama?”

“Wawili. Wa pili alishika kamba waliyoitega barabarani. Alijifunga shuka usoni, sikumwona.”

“Huyo alikufanya nini?”

“Aliniokoa.”

Kicheko kikaisha.

“Mwenye nondo alishamaliza kwa Gonzaga, akawa anakuja kwangu. Wa kamba akamsukuma. Akaniambia, ‘Mama, ingia kwenye mafunjo, usigeuke nyuma.’ Nikaingia. Nilimwacha mume wangu anakoroma barabarani, wala sikugeuka.”

Mkalimani alikohoa, akalazimika kuanza upya sentensi ya mwisho.

Mzee Ssettimba alikaa chini akiwa na furaha yote ambayo wakili anaruhusiwa kuonyesha. Bi Kyosiimire alifunga ushahidi wake kwa ile simu, akasema hana shahidi mwingine. Ssettimba akarukia hapohapo: mteja wake hana kesi ya kujibu, aachiwe aende nyumbani. Jaji akasema ataamua baada ya chakula.

*

Restetuta alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na bomba la maji. Alikuwa peke yake. Wanawake wa ukoo waliokuja naye asubuhi kwenye gari moja walikuwa wamekaa mbali, wamempa migongo.

Bibi mmoja mwenye vazi la gomesi lililopauka alikuja, akapiga magoti kwenye saruji.

“Mimi Eseza. Desderio ni wangu.”

“Simama, mama.”

“Niache nipige magoti. Sina cha kukupa, mwanangu.” Akafungua jani la mgomba. Matoke yalikuwa bado yanafuka, na juu yake mchuzi wa karanga. “Nimemletea yeye, wamekataa kumpa. Kula wewe. Ulimi wako umenirudishia mtoto.”

“Bado Jaji hajasema.”

“Atasema. Desderio si mtu wa maneno. Tangu wamkamate hasemi na mtu ila huyo wakili wake. Hata siku aliposomewa shtaka alitikisa kichwa tu, Jaji mwenyewe akaandika kwamba amekana. Nilimwambia, mwanangu, ongea, watakunyonga na ukimya wako. Kumbe Mungu amekuweka wewe umsemee.”

Restetuta alikuwa na njaa. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani, na mchuzi ule ulinukia. Akamega, akala. Akamega tena.

Kivuli kikaanguka juu ya jani. Vensio.

“Loo! Kumbe unakula kabisa!” Aliwageukia watu waliokuwa wamekaa kwenye nyasi. “Njooni mwone! Mke wa kaka yangu anakula kwa mama wa muuaji, tena anaramba vidole!”

“Vensio, nisikilize...”

“Sikusikilizi. Leo usirudi kwenye nyumba ile. Nyumba ni ya ukoo, na watoto ni wa ukoo. Nguo zako utazikuta nje.”

“Watoto wangu huninyang’anyi, Vensio.”

“Nenda kamwombe Mukiibi akupe wengine!”

Alitema mate karibu na jani, akaenda zake. Bibi Eseza akaanza kulia. Restetuta hakulia. Alilifunga jani polepole, ncha juu ya ncha, akamrudishia mwenyewe.

*

Mchana Jaji alisoma uamuzi wake kwa ufupi. Utambuzi wa gwarideni haufai kitu, alisema, na akalisema hilo akimtazama Inspekta Bwogi mpaka Inspekta akarekebisha tai. Lakini simu ya marehemu ilikutwa kwa mshtakiwa wakati matanga hayajaanuliwa. Mtu akikutwa na mali ya aliyeuawa mapema kiasi hicho, sheria inamtaka aeleze aliipataje. Kwa hiyo Desderio Mukiibi ana kesi ya kujibu.

“Unaweza kula kiapo ukajitetea,” Jaji alimwambia, “unaweza kusema bila kiapo, au unaweza kukaa kimya. Hakuna anayekulazimisha.”

Mzee Ssettimba alimnong’oneza mteja wake, na kwa kuwa ana masikio mazito, mnong’ono wake ulisikika hadi mabenchi ya mbele. “Sema kama ulivyoniambia. Mnadani. Sema hivyohivyo, usiongeze chumvi.”

Mukiibi akapanda kizimbani. Akashika Biblia kwa mikono iliyopasuka kwa moto wa tanuri.

Alikuwa na sauti nzito, ya chini, yenye kukwaruza kidogo. Maneno yalitoka yakijikokota.

“Simu niliinunua mnadani, siku ya gulio. Mtu simjui. Alikuwa anauza na viatu.”

Restetuta, kwenye benchi la mbele, aliinua kichwa ghafla. Hakujua kwa nini.

“Kwa nini ulinunua simu?” Ssettimba alimwongoza.

“Ili niongee na mama. Mama anakaa mbali na tanuri.”

Mama.

Alilivuta mwishoni, kama anayeita mtu aliye ng’ambo ya mto. Restetuta alishika ukingo wa benchi. Alisikia pikipiki ikiunguruma imelala ubavu. Alisikia maji ya bwawa yakiingia kwenye viatu vyake. *Mama, ingia kwenye mafunjo.*

Ni yeye.

Si mwenye nondo. Wa kamba.

Bi Kyosiimire alisimama kumhoji. Muuzaji alivaaje? Nani mwingine alikuwepo? Kwa nini hukuwaambia polisi haya? Mukiibi alijibu kila swali kwa maneno machache, na majibu hayakuwa na ufa. Fundi cherehani alitikisa kichwa cha kukubali. Mkunga naye akafuata. Hata Jaji aliacha kuandika, kama mtu aliyeona mwisho wa safari.

Restetuta alimtazama Bibi Eseza. Akinyamaza, kijana huyu atalala kwao leo. Bibi Eseza atacheza ngoma njia nzima. Uhai alipewa naye, na uhai atakuwa amemrudishia, nani wa kumlaumu? Wala hakuna mwingine ukumbini aliyewahi kuisikia sauti ile.

Lakini kamba. Kamba ndiyo iliyowaangusha. Pasipo kamba, Gonzaga angelipita pale akipiga mluzi kama kawaida yake.

“Sina maswali zaidi,” Bi Kyosiimire alisema. Alikuwa ameshindwa, na uso wake haukuficha.

Restetuta akasimama.

“Desderio.”

“Mama, keti,” Jaji alisema. “Ushahidi wako umekwisha.”

“Desderio, uliniambia niingie kwenye mafunjo, nisigeuke nyuma. Leo nimegeuka. Nimekujua.”

Mzee Ssettimba aliruka kutoka kitini. “Napinga! Mheshimiwa, shahidi hatoi ushahidi akiwa benchi! Alishasema hakumwona!”

“Sikumwona. Nimemsikia!”

“Wazee wa baraza hamjasikia hayo,” Jaji alisema kwa ukali. “Askari, mtoeni nje huyu mama. Sasa hivi!”

Askari mmoja kijana alimshika mkono. Restetuta hakushindana naye. Walipita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na watu wa ukoo wa mumewe, waliompa migongo mchana kutwa, walikuwa sasa wanamtazama mdomo wazi. Vensio alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa, akaurudisha.

“Mwacheni!”

Ile sauti. Askari alisita kabla ya kuufikia mlango.

“Mwacheni mama huyo,” Mukiibi alisema. “Ni mimi.”

“Desderio, funga mdomo!” Ssettimba alipiga kelele.

“Nimeufunga vya kutosha, mzee. Kamba nilishika mimi. Niliambiwa tunachukua pikipiki tu, mtu haguswi. Kile chuma sikujua kimetoka wapi.”

Bibi Eseza alitoa mlio ambao sitajaribu kuuandika hapa.

Jaji aliinama mbele. “Kijana, unaelewa unachosema? Mliokwenda pamoja kwa nia moja, alichofanya mmoja ni cha wote mbele ya sheria. Sihitaji kuthibitishiwa kwamba wewe ndiye uliyepiga.”

“Nimeelewa, Mheshimiwa. Usiku silali. Namsikia yule mzee anakoroma.”

Jambo la nne lilikuwa limethibitishwa. Bi Kyosiimire alikuwa amelipata, tena kutoka kinywani mwa mshtakiwa mwenyewe, na bado alisimama pale, haonekani kama mtu aliyeshinda. Aliomba ruhusa ya kuuliza swali jingine. Jaji akaitikia kwa kichwa.

“Simu uliinunua mnadani?”

“Hapana.”

“Uliichukua kwa marehemu?”

“Sikumgusa marehemu. Simu nililetewa pale tanurini, nikaambiwa ndilo fungu langu. Siku ileile, aliyeniletea akarudi na askari, akanikamata nayo. Akaniambia nikisema neno, mama yangu atazikwa kabla yangu.”

“Nani?”

Mukiibi alinyanyua kidole. Kilielekea nyuma ya Wakili wa Serikali, kwenye kiti cha mpelelezi wa kesi.

Ukumbi mzima uligeuka. Kiti kilikuwa kitupu.

“Amekimbia!” mtu alipiga kelele, na watu wakaanza kusimama, wakipandana kwenye mabenchi kuchungulia madirishani.

Lakini Restetuta, pale mlangoni, alikuwa ameshanusa sabuni.

Inspekta Bwogi hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, ameegemeza mgongo kwenye mlango. Mkono mmoja uliugeuza ufunguo nyuma yake taratibu, bila kelele. Wa pili ulikuwa ndani ya koti.

“Kijana,” alimwambia askari kwa ile sauti yake ya upole, “huyo mama niachie mimi.”

Na yule askari, aliyezoea kumtii mkubwa wake tangu siku ya kwanza alipovaa sare, akaulegeza mkono.